Umeumwa na nyoka asiye na sumu: dalili, chanzo na la kufanya

Mtu akigongwa na nyoka, swali la kwanza uani ni "alikuwa nyoka gani?" Akitokea mjuzi wa mtaa anajibu, "huyo hana sumu, muosheni tu." Mara nyingi mjuzi huyo anasema kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Kwa hiyo nusu au zaidi hawapati sumu kabisa, ama kwa sababu nyoka hana, ama anayo lakini hakuitoa.

Hata hivyo, nyoka asiye na sumu ana meno, na meno hayo hayajawahi kuwa safi. Panya anayemezwa hujisaidia ndani ya kinywa kile kile kitakachokuuma kesho. Halafu kuna mambo tunayojifanyia wenyewe baada ya kuumwa, ambayo kwa jeraha la namna hii mara nyingi huumiza kuliko meno yenyewe.

Mwongozo huu unafuata dalili, haufuati nyoka, kwa kuwa nyoka ameshakimbia na ulichobaki nacho ni mguu au mkono mbele yako. Ila kuna swali moja la kumaliza kwanza.

Nani amesema hana sumu?

Usiangalie alama za meno ukatoa hukumu. Ni kweli kwamba asiye na sumu huacha safu za vitobo vidogo kama upinde au kwato ya farasi, wakati nyoka wa sumu mara nyingi huacha tundu moja au mawili. Lakini kifutu anaweza kukwaruza tu kwa jino moja, koboko anaweza kuacha kitobo usichokiona, na nyoka asiye na sumu aliyegusa kwa haraka anaweza kuacha matone mawili ya damu. Alama ni kidokezo, basi.

Kufanana ndiko kunakopoteza watu. Katika ukanda wetu makosa hujirudia kwa makundi matatu.

La kwanza ni nyoka wa kijani. Wapo wembamba wasio na madhara makubwa wanaokaa kwenye vichaka karibu na maji wakila vyura. Wapo pia wa sumu kali: nyoka aitwaye mamba wa kijani wa pwani, anayekaa juu ya miembe na mikorosho, na bumslangi, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa na kichwa kifupi. Bumslangi anaweza kuwa kijani, kahawia au karibu mweusi, kwa hiyo rangi haikusaidii. Huyu ndiye anayestahili hofu zaidi hapa, maana sumu yake huchelewa: unaweza kukaa saa 24, hata 48, ukijiona mzima, na ndani damu inapoteza uwezo wa kuganda. Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa jumba la makumbusho huko Chicago, aliumwa na bumslangi mdogo, jino likaingia milimita chache tu kwenye kidole gumba. Hakuona haja ya matibabu na akafariki siku iliyofuata. Mwaka 1975 Robert Mertens, naye mtaalamu, alifariki Ujerumani baada ya kuumwa na nyoka mwembamba wa mitini wa Afrika anayefanana na kijiti kikavu. Hao walikuwa watu waliowajua nyoka kwa kazi yao.

La pili ni nyoka mdogo mweusi anayeng'aa, wa kama sentimita 30 hadi 60, anayetokea usiku baada ya mvua. Wengi wa namna hiyo hawana madhara. Ila yupo mmoja wa jenasi ya Atractaspis anayechoma kwa jino la pembeni bila kufungua kinywa. Ukimshika nyuma ya kichwa "kwa ustadi" ndipo anapokuchoma kidole. Kidole huvimba, huota malengelenge na nyama inaweza kufa, na dawa ya kupinga sumu yake haipo.

La tatu ni mla mayai, ambaye karibu hana meno kabisa lakini madoa yake na kusugua magamba kwake humfanya afanane na vipiri wenye sumu. Hapa kosa huenda upande wa pili: watu humuua bure. Lakini ukikosea kwa kudhani kipiri ni mla mayai, gharama yake ni kubwa mno.

Kwa hiyo kama nyoka hakutambuliwa na mtu anayewajua kwa kazi, ana kwa ana au kwa picha iliyopigwa kutoka mbali, mhesabu ni wa sumu. Mlaze mgonjwa, vua pete, bangili na kiatu, tuliza kiungo kwa kijiti na kitambaa kisichobana, nenda hospitali na ukae chini ya uangalizi saa 24. Kama nyoka alikuwa wa mtini, sema hivyo, ili damu iangaliwe tena siku ya pili. Usimfukuze nyoka ili umpeleke, kwa kuwa mtu wa pili kuumwa hupatikana hivyo hivyo.

Dalili hizi hapa si za nyoka asiye na sumu, hata mjuzi aseme nini: kope kulegea, kuona viwili viwili, kushindwa kumeza mate, sauti kukwama, fizi kutoa damu, mkojo mwekundu, kutapika mfululizo, au uvimbe unaopanda kutoka kifundo hadi goti ndani ya saa chache. Ukiona mojawapo, acha kusoma na uondoke.

"Bado ameng'ang'ania, haachii"

Chanzo ni umbo la meno. Yamepinda kuelekea kooni, kama ndoano, ili windo lisirudi nje. Ukivuta mkono, unayazamisha zaidi, unachana ngozi na kuyavunjia ndani. Tulia. Shika mwili wa nyoka ili asikuzungushe, kisha sukuma kichwa chake mbele, kuelekea kwenye jeraha, ili meno yang'oke kwa njia yaliyoingilia, ndipo uinue taya la juu. Akikataa, mwagia maji baridi kichwani au tia matone machache ya spiriti kwenye pembe ya kinywa. Usitumie moto wala kisu: kisu hukata kidole chako kabla ya kumfikia yeye.

"Damu inachuruzika, haikomi"

Vitobo ishirini vyenye ncha kali hutoa damu nyingi kuliko unavyotarajia, hasa kwenye vidole na uso. Kwa kawaida ni hivyo tu. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua. Kosa la kila nyumba ni kufunua kila dakika "kuangalia kama imekoma", na kila ukifunua unabandua utando uliokuwa unaanza kuziba.

Ikikoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida dakika 5 hadi 10, kausha, paka iodini, funika kwa shashi. Usimimine spiriti ndani ya kidonda: inaunguza nyama hai na haifiki kwenye tundu refu. Maelekezo haya ya kuosha sana ni ya nyoka aliyetambulika. Kama hajulikani, suuza juu juu bila kusugua wala kukanda.

Isipokoma baada ya dakika 20 za kubonyeza, au ikikoma kisha ikaanza tena yenyewe, hukumu ya "hana sumu" imeanguka. Hospitalini kuna kipimo kisichohitaji mashine: mililita 2 za damu ya mshipa kwenye chupa ya kioo mpya au safi na kavu, inaachwa bila kutikiswa dakika 20, kisha inainamishwa. Ikimwagika kama maji, damu haigandi. Chupa lazima iwe ya kioo. Ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni ya unga, inaweza kuzuia damu kuganda hata kwa mtu mzima kabisa, akaishia kupewa dawa asiyoihitaji.

"Pamevimba na panawasha"

Uvimbe mdogo kuzunguka vitobo, usiozidi upana wa kiganja, unaoanza saa ya kwanza na kupungua ndani ya siku moja au mbili, ni wa kawaida. Ngozi imejeruhiwa na mate ya nyoka yameingia. Baadhi ya nyoka wanaoitwa "wasio na sumu" wana mate yenye sumu hafifu; nyoka wa mchanga wenye mistari, wale wakimbiaji wa mchana, ni mfano, na wakubwa wao huweza kuleta maumivu, uvimbe na kichefuchefu.

Chukua kalamu uchore mpaka wa uvimbe, andika na saa kwenye ngozi. Rudia kila baada ya dakika 30. Mstari usiposogea kwa saa kadhaa unaweza kupumua. Ukisogea kila mara, nenda hospitali. Kwa maumivu tumia parasetamoli, mtu mzima gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache mpaka nyoka ajulikane, kwa sababu zinaongeza damu kutoka.

Uso ukivimba, mwili mzima ukitoka vipele, kifua kikibana na mtu akitoa mluzi anapopumua, hiyo ni mzio mkali. Ni nadra, lakini huja kwa dakika, na huwapata zaidi waliowahi kuumwa au wanaofuga nyoka. Tiba ni adrenalini ya sindano kwenye msuli wa paja. Kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, na anaichoma mhudumu wa afya. Kitu kingine chochote kinasubiri.

"Midomo inakufa ganzi, moyo unakwenda mbio, vidole vinakaza"

Hofu yenyewe hufanya hivi. Mtu anahema haraka haraka, hewa chafu inapungua mno mwilini, midomo na ncha za vidole zinachonyota, viganja vinajikunja. Anaweza hata kuzimia. Ndugu wakiona hivyo hupiga yowe kwamba sumu imepanda, na yowe linazidisha hali.

Mkalishe au umlaze, mwambie apumue nawe: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Ndani ya dakika 10 hadi 15 dalili za hofu hupungua. Namna ya kutofautisha: hofu haileti kope kulegea. Mwambie aangalie juu kwenye dari kwa dakika nzima bila kuinua kichwa. Kope zikishuka zenyewe kama mtu anayesinzia, na hasinzii, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu.

"Siku ya tatu pamekuwa pa moto na pekundu"

Hapa ndipo wengi waliosema "muosheni tu" wanaporudi. Bakteria wa kinywa cha nyoka na wa ngozi yako wameota. Dalili huanza kati ya siku ya 1 na ya 3: wekundu unaopanuka, joto, maumivu yaliyokuwa yanapungua yakarudi, usaha, tezi za kinena au kwapa kuvimba, homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tegemea joto ukigusa kwa mgongo wa mkono, ngozi kung'aa kwa kukazana, na maumivu.

Dawa za viuavijasumu (antibayotiki) hazihitajiki kwa kila aliyeumwa. Jeraha dogo lililooshwa vizuri mara nyingi hupona lenyewe. Zinahitajika maambukizi yakianza, au jeraha likiwa la kina, lenye nyama iliyosagika, kwenye mkono au kiungo, au kwa mwenye kisukari au kinga pungufu. Achague tabibu. Kununua vidonge sita vya amoksilini dukani na kumeza siku mbili kunapunguza homa na kuficha usaha unaoendelea chini.

Kuna sura moja ya dharura hapa: kidole kimevimba chote, kimekaa kimejikunja, na ukijaribu kukinyoosha mtu anapiga kelele. Usaha umeingia kwenye ala ya mshipa unaovuta kidole. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na mara nyingi ni upasuaji. Ukisubiri kesho, kidole kinaweza kubaki kigumu maisha yote.

"Pamefunga, lakini ukibonyeza panachoma"

Fikiria jino. Nyoka hubadilisha meno maisha yake yote, kwa hiyo mengine yamelegea tayari, na huvunjika hasa mtu anapovuta mkono kwa nguvu. Lilivyo ni kama mwiba mwembamba wa samaki, angavu, umepinda, wa milimita chache. Dalili ni nukta ngumu chini ya ngozi, maumivu ya sehemu moja tu, au kidonda kinachofunga, kinatoa tone la usaha, kinafunga tena, wiki baada ya wiki.

Siku ya kwanza kabisa, baada ya kuosha, piga picha ya jeraha kwa simu ukiwa mwangani kisha uikuze. Jino linaloonekana huwa kama mstari wa kung'aa. Kama ncha imetokeza, lichomoe kwa kibano kilichochemshwa dakika 10, ukivuta kwa mwelekeo wa mpindo wake. Kama limezama, usichimbe kwa pini: unalisukuma chini na kupeleka uchafu mpya. Kituoni hupimwa kwa eksirei au altrasaundi, na kutolewa kwa ganzi. Likiwa karibu na kiungo cha kidole au goti, usingoje usaha.

"Taya linakaza"

Pepopunda. Hii ndiyo hatari ya nyoka asiye na sumu ambayo watu huipuuza kuliko zote, kwa kuwa huja wakati kidonda kimeshasahaulika: kati ya siku 3 na 21, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Mtu anaanza kwa kushindwa kufungua kinywa vizuri, shingo inakaza, tumbo linakuwa gumu kama ubao, kisha mwili unajipinda kwa kelele au mwanga tu. Ikifika hapo ni chumba cha wagonjwa mahututi.

Kinga yake ni ya zahanati. Tundu jembamba lenye uchafu ndani, lisilofikiwa na hewa, ndilo mazingira ya vijidudu hivi. Uliyemaliza dozi tatu au zaidi za chanjo ya pepopunda: kwa jeraha la namna hii unahitaji nyongeza ikiwa ya mwisho imepita miaka 5. Uliyepata chini ya tatu, au hukumbuki: chanjo pamoja na sindano ya kingamwili, yuniti 250, upande mwingine wa mwili. Watoto wengi wamechanjwa kliniki na mama zao wamechanjwa wakati wa ujauzito. Mwenye pengo ni baba: mwanamume mtu mzima, mkulima au fundi, ambaye mara ya mwisho kuchomwa ni utotoni, na ndiye anayeingiza mkono kwenye lundo la matofali. Muulizeni yeye kwanza.

"Mguu umekuwa wa bluu, baridi, hausikii"

Angalia kamba. Kwa mtu ambaye hakuingiwa na sumu, kamba ya katani au mpira wa baiskeli uliokazwa juu ya goti ni jeraha kubwa kuliko la nyoka. Damu haifiki chini, mishipa ya fahamu inabanwa, na saa zikipita nyama huanza kufa. Wapo waliokatwa miguu kwa sababu ya kamba tu.

Kama nyoka ametambulika kwa uhakika kuwa hana sumu, fungua sasa hivi. Kama hajulikani na kamba imeshakaa, usiikatie njiani: fika kituoni haraka, ifunguliwe mbele ya mhudumu aliye tayari, kwa sababu sumu iliyojikusanya inaweza kushuka kwa mkupuo. Njia bora ni kutofunga kamba tangu mwanzo.

Kuchanja kwa wembe huongeza damu na maambukizi, na wembe uliotumika kwa mtu mwingine huleta Ukimwi na homa ya ini. Kunyonya hakutoi kitu. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Jiwe la nyoka hunata kwa sababu lina vinyweleo vinavyofyonza unyevu, si kwa sababu limeona sumu. Likiwekwa kwa mtu asiye na sumu hupata sifa ya kuponya, na sifa hiyo ndiyo inayomchelewesha jirani aliyeumwa na swila.

Usidai pia dawa ya sumu ya nyoka "kwa usalama". Hutengenezwa kwa damu ya wanyama, aghalabu farasi, na inaweza kuleta mzio mkali papo hapo, au homa, mwasho na maumivu ya viungo kati ya siku 5 na 14 baadaye. Ni ghali na haitoshi nchini kote. Hutolewa kwa dalili za sumu, haitolewi kwa sababu tu mtu ameumwa.

"Je, nichanje kichaa cha mbwa?"

Hapana. Kichaa cha mbwa hukaa kwa wanyama wanaonyonyesha. Nyoka habebi.

Chatu

Hana sumu, lakini asihesabiwe pamoja na nyoka wa nyumbani wa kahawia anayekula panya. Chatu wa Afrika anaweza kupita mita 5, ana meno kama mia moja, na akiuma hujizungusha. Hatari yake kubwa ni mzunguko: unapobana kifua, damu inashindwa kuzunguka, na mtu hupoteza fahamu mapema kuliko anavyodhani. Nyoka wa zaidi ya mita 2.5 asishikwe na mtu mmoja. Anayembana mtu afunguliwe kuanzia mkiani, mzunguko mmoja mmoja, na mtu mwingine adhibiti kichwa. Ukianzia kichwani, mkia unaendelea kukaza.

Majeraha yake ni mipasuko mirefu, mara nyingine hadi kwenye mshipa wa msuli. Bonyeza, funika, nenda hospitali hata damu ikikoma. Usishangae tabibu akiosha kwa lita nzima ya maji ya chumvi na kuacha kidonda wazi siku kadhaa kabla ya kushona, maana kushona uchafu ndani ni kutengeneza jipu. Aliyebanwa aangaliwe mbavu na kifua, na apewe chombo akojolee: mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi, misuli imesagika na figo ziko hatarini, na hilo linahitaji dripu siku hiyo hiyo.